Soksi ya Daktari na Ufunguo wa Banda

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu Ragna, anayesoma Kopenhagen. Alisema, Bibi, andika humu yale usiyotakiwa kuwaambia watu. Mtoto hana adabu hata chembe. Lakini karatasi ni nzuri.

Haya. Watoto wa nguruwe wanaharisha. Wale wa chumba cha tatu, walioachishwa ziwa Alhamisi iliyopita. Maji matupu, ya njano kama mchuzi wa haradali. Nimenusa. Nimejua. Miaka hamsini na sita nanusa mavi ya nguruwe, nimekosea mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa na mafua. Hivi ni vile vidudu vya utumbo vinavyowavamia wakishatengwa na mama zao. Nimemwambia mwanangu Troels. Kasema atamngoja daktari wa mifugo. Mkwe wangu Sidsel kasema hali ni hiyo hiyo Denmark nzima tangu wakubwa wa Umoja wa Ulaya wapige marufuku ule unga wa zinki. Kasoma kwenye simu. Enzi ya marehemu mume wangu Aksel, simu ilikuwa ya kutangazia msiba!

Dawa ninayo. Supu ya beri nyeusi za msituni, zilizokaushwa. Mama yangu alitupa sisi watoto tisa, tukafunga matumbo mpaka Krismasi.

Ila Troels katangaza mezani, mdomo umejaa mkate mweusi: chochote kilichopitia jikoni hakiingii bandani, ni sheria. Akaniangalia mimi. Mimi! Nilikuwa natafuna tu. Akasema akimkamata anayewalisha nguruwe kwa siri, ufunguo wa banda utarudi mfukoni mwake siku hiyo hiyo, hata kama mtu huyo ndiye aliyemzaa.

Ufunguo wangu! Banda lile tulilijenga mimi na Aksel. Tofali la kwanza nililiweka nikiwa na mimba ya huyo huyo Troels. Nikinyang'anywa ufunguo nitabaki kwenye nyumba yangu ya uzeeni hapa uani, natazama ndege dirishani kama jirani yangu Valborg.

Nimeloweka beri kilo mbili.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Ushindi!

Troels kaenda kununua bawaba. Sidsel yuko kwenye simu. Nimebeba ndoo mbili, nikapita kwanza kwa wale wakubwa wa miezi mitatu kuwasalimia, kama kawaida yangu, halafu nikaja kwa wadogo.

Mlangoni kuna chumba cha kubadilishia viatu, na katikati pana benchi. Sheria ya Sidsel: vua viatu upande huu, keti, pitisha miguu juu ya benchi, vaa buti za mpira upande ule. Mimi nina miaka sabini na minane. Nizungushe miguu hewani kama mcheza sarakasi? Nimepita na mitalawanda yangu, viatu vyangu vya mbao. Mbao ni mti, na mti hauna vidudu. Ndoo moja ikanimwagikia miguuni. Si neno.

Wamekunywa kama wageni wa harusi! Mmoja mdogo mwenye doa jeusi sikioni kanywa mpaka akakaa kitako. Nimemwita Kasisi, maana anafumba macho vile vile kasisi wetu afumbavyo kwaya ikipotea sauti.

Mchana Valborg kaja kujisifu. Eti watoto wa nguruwe wa mwanawe wanatoa mavi magumu, mazuri, unaweza kuyapanga dirishani. Nikamwambia, shoga yangu, kwa mapazia yale uliyonayo, yapange tu.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Balaa.

Mavi yamekuwa meusi. Meusi yenye zambarau. Sikulifikiria hilo.

Daktari kaja. Anaitwa Hjalte, kijana mwenye hereni sikioni. Kaangalia sakafu, uso ukamwiva, kisha ukampauka. Akasema mavi meusi hivi yaweza kuwa damu iliyotoka juu kwenye utumbo. Akasema ikiwa ni ule ugonjwa mbaya wa kuhara damu, itabidi banda zima litolewe nguruwe, lioshwe, waanze upya. Troels akakalia ndoo. Ndoo ile ile! Nilitaka kusema. Nikagusa ufunguo shingoni, kwenye uzi wake wa buluu.

Daktari akatoa kikaratasi cha rangi, akakichovya kwenye mavi. Alisema kikigeuka buluu, inaelekea ni vidudu vya kawaida vya walioachishwa ziwa. Kikatoka zambarau. Akakigeuza huku na huku, akasema rangi hiyo kwenye kitabu chake haimo. Nikamwambia labda kitabu ni cha zamani.

Akasema habahatishi, maabara ndiyo itakayosema. Akatoa soksi! Nyeupe, za shashi, kama wavu wa kufungia nyama ya kuoka. Unazivuta juu ya buti, unatembea chumba kizima, uchafu unanasa, unazitia mfukoni, maabara wanasoma ni vidudu gani. Nikamuuliza kama alisoma miaka sita Kopenhagen ili afundishwe kutembea. Akasema hapana, Bibi, miaka mitano na nusu, ile nusu iliyobaki nilikuwa nasukumwa kwenye kigari cha mtoto. Nikacheka bila kutaka. Nikaenda kumletea keki. Nimempenda kidogo, na habari hiyo isitoke humu.

Niliporudi alikuwa ananawa mikono. Soksi zimo kwenye mfuko, mfuko umo kwenye friji ya chumba cha viatu, gari la posta linakuja kesho saa nne asubuhi. Na kasahau jozi moja ya soksi safi juu ya benchi.

Hakusahau mtu. Mungu kaiweka pale.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Mpango wangu. Nauandika ili Ragna ajue akili alirithi wapi.

Soksi za daktari zimejaa supu ya beri. Maabara wakiona beri, Troels ataona mama yake. Basi zisifike. Nazibadilisha na soksi zilizotembea kwa wale nguruwe wakubwa, wazima, wasioharisha. Maabara watajibu hakuna kitu. Daktari ataona haya. Wadogo watapona kwa supu. Ufunguo unabaki shingoni. Mpango hauna tundu hata moja.

Saa mbili asubuhi nikawapa wadogo dozi ya mwisho. Haraka haraka, ikanimwagikia tena miguuni. Nikavuta soksi safi juu ya mitalawanda. Kisigino kikatoboa. Nikatembea kwa wakubwa, huku na huku, kichwa juu kama malkia anakagua askari. Mmoja akanitafuna sketi. Nikatia soksi kwenye mfuko, mfuko kwenye friji. Saa nne gari likaja, likaondoka. Nikampungia dereva mkono.

Kilichobaki ni soksi za daktari. Kutupa siwezi. Sidsel ana mapipa kumi ya takataka, la karatasi, la chupa, la mabaki, na kila moja analichungulia kama anatafuta pete ya ndoa. Nimezitia kwenye kopo la aiskrimu ndani ya friji yangu, nyuma ya bitiruti za siki. Hakuna atakayejua.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Valborg kaja kunywa kahawa. Kwetu Jutland ya Kusini meza ya kahawa ina keki laini aina saba na kavu aina saba. Mimi niliweka nane na nane, ili aelewe.

Akaelewa. Akala mpaka ya tano. Kisha akauliza mbona pai haina aiskrimu. Nikasema imekwisha. Akasema Dagny wewe, uchoyo umekuanza lini, na kabla sijainuka kishafungua friji, kishafungua kopo.

Nilifikiri atazimia. Nikasema upesi ni jibini. La Ufaransa. Linafungwa kwenye shashi na kuachwa liive. Akainamisha pua. Akanusa! Akanusa tena! Akasema binti wa dada yake aliyeolewa Paris hula yanayonuka kuliko hilo, akauliza kama linaliwa na biskuti au na peasi. Nikasema halijaiva. Akasema likiiva nimwite.

Mwanamke huyu ndiye anayejidai ana pua ya kunusa nguruwe kuliko mimi.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda bandani.

Weusi umepungua kwa kuwa supu nimeacha. Uharishaji uko pale pale. Maji, ya njano, harufu ile ile niliyoinusa Jumatatu. Daktari amewawekea chumvi kwenye maji ya kunywa, wengi wamesimama. Kasisi hakusimama. Kalala chini ya taa, mbavu zinahesabika, doa la sikioni limekuwa kubwa kuliko uso. Nimemkalia saa nzima. Hata nilipomwambia kwamba Valborg kanusa soksi, hakufumbua jicho.

Kuna sindano ya vidudu hivi. Siku tatu, mtoto anapona. Lakini daktari hachomi mpaka maabara imtajie kidudu. Na maabara itataja kilichomo kwenye soksi. Na soksi ni

Nimekwenda kuoka keki.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Leo naandika yote.

Daktari kaja saa tatu na karatasi. Tukasimama wote chumba cha tatu: Troels, Sidsel, yeye, mimi. Nilikuwa nimeandaa uso wangu wa kushangaa, maana nilijua atasema hakuna kitu.

Akasema kuna kitu. Tena kingi! Maabara imekuta kidudu cha mavi ya kijivu, kile kinachonenepesha ngozi ya ndani ya utumbo mpaka chakula hakipiti vizuri kuingia mwilini. Akasema ajabu, kwa kawaida hicho huwashika nguruwe wakubwa zaidi, hawa wa wiki tano ni wadogo mno. Lakini karatasi ndiyo karatasi. Akasema ataandika dawa ya kidudu hicho. Nikamuuliza, hivi hivi tu, kama dawa hiyo inaponya pia uharo wa njano. Akasema hapana, Bibi, huo haiugusi kabisa.

Nikamtazama Kasisi. Akafumbua jicho moja. Moja tu. Akanitazama kama anasema, haya, Dagny, kwaya imepotea sauti.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema soksi si hiyo! Nikasema yote. Supu, ndoo, mitalawanda, friji, kopo la aiskrimu. Hata Valborg kunusa nilisema, ingawa halikuhusu, lakini nilishaanza.

Nguruwe tu wanakoroma. Troels mwekundu mpaka shingoni. Sidsel kajishika mdomo, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka!

Daktari hakushangaa hata kidogo. Akatoa karatasi ya pili. Jumatano ile nilipokwenda kumletea keki, aliwapitishia watoto watano pamba nyuma, akazipeleka maabara yeye mwenyewe kwa gari lake. Pamba zimejibu: vidudu vya walioachishwa ziwa. Vya uharo wa njano. Damu hakuna, ugonjwa mbaya haupo, banda halitolewi nguruwe. Soksi na pamba zikawa zinapingana, na chini ya jibu la soksi maabara waliandika kwamba rangi ya zambarau si damu bali matunda, kuna ganda la beri, na kwenye kisigino kilichotoboka kuna kijiti cha mbao. Akasema amezunguka shamba hili miaka minne, na miguu ya mbao anayo mtu mmoja tu. Alikuwa anangoja aone kama mtu huyo atasema.

Mshenzi! Mwenye adabu, lakini mshenzi.

Ila niache niliandike hili kwa herufi kubwa. Uharo wa njano, vidudu vya walioachishwa ziwa. NILISEMA JUMATATU! Kwa pua! Bila pamba, bila soksi, bila miaka mitano na nusu!

Sindano zikaanza pale pale, Kasisi wa kwanza. Alipiga kelele. Kelele nzuri.

Kisha Troels akauliza taratibu, basi zile soksi za Mama zilitembea wapi. Nikasema kwa wakubwa. Daktari akaenda kuwaangalia, akarudi anakuna hereni. Akamuuliza Troels tangu lini wale wamekua ovyo, huyu kama ndama, huyu kama paka. Troels akasema tangu mwezi uliopita, nilidhani ni chakula. Daktari akasema hapana, ni hicho kidudu cha kijivu, kimejificha humo, hawaharishi lakini hawakui. Na sisi sote watatu, akasema, hatukufikiria kuwapima. Kawapima Bibi.

Nikanyoosha mgongo. Nikasema si kitu, nilikuwa napita tu.

Akaongeza kwamba wakati huo huo Bibi, kwa kutoka kwa wakubwa na kuja kwa wadogo kila asubuhi na viatu hivyo hivyo, alikuwa njiani kuwaletea wadogo kidudu hicho. Mgongo ukarudi ulivyokuwa.

Troels akanyoosha mkono. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, akikasirika kweli hapigi kelele. Nikavua ufunguo na uzi wake wa buluu, nikauweka kiganjani mwake. Ulikuwa na joto la shingo yangu.

Sikulia. Nina mafua.

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Nimetazama ndege siku mbili. Ndege ni wapumbavu.

Mchana huu Sidsel kabisha hodi. Kwa kawaida habishi. Kaketi, kala keki tatu, akasema zile kavu ni kavu kweli. Nikamwambia ndiyo maana zinaitwa kavu. Akasema Kasisi kasimama. Kanywa, kala, kamng'ata mwenzake sikio. Mavi yake yameanza kujishika.

Nikamwambia ni mafua haya, yananitoa machozi.

Kisha akaweka ufunguo mezani. Na uzi wake.

Anasema Troels alikataa jana nzima. Akamwambia, mume wangu, miguu ya Mama itaingia bandani ukitaka usitake, atapita hata dirishani, bora iingie ndani ya soksi. Daktari anataka mabanda yote mawili yapitiwe na soksi kila mwezi, vidudu vya kijivu visirudi. Troels hana nafasi, yeye Sidsel mgongo unamuuma. Nitembee mimi. Daktari kasema tangu aanze kazi hajaona soksi iliyotembezwa sawasawa hivyo kona hadi kona, ila tu ilikuwa kwenye banda silo. Nikasema nitafikiria. Nikashika ufunguo kabla hajamaliza kumeza.

Masharti: buti za mpira. Benchi, miguu juu, kila siku. Wadogo kwanza, wakubwa baadaye. Na sahihi kwenye karatasi ya Troels: hakuna beri, hakuna chochote kilichopitia jikoni. Nimetia sahihi. Jina kamili, na D yenye mkia.

Mitalawanda yangu Sidsel kaichukua. Nilitoka baadaye nikaikuta kwenye ngazi ya mlango wangu, kaijaza udongo, kapanda maua mekundu ndani. Viatu vyangu vya miaka thelathini! Nilimfokea mpaka akaingia ndani kwake. Kisha nikayamwagilia maji, maana alikuwa hajamwagilia vizuri.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Siku njema kupita zote!

Asubuhi nilivuka benchi mara ya kwanza. Mguu wa kulia ulikubali, wa kushoto ulitaka kubaki na enzi ya Aksel. Troels alikuwa mlangoni, akajifanya anasoma tangazo. Nilipomaliza akasema, Mama, kumbe unaweza. Nikamwambia aende zake. Akanibusu kichwani. Hakufanya hivyo tangu mwaka gani, sijui.

Kasisi alinikimbilia, akateleza, akaanguka, akainuka. Mavi mazuri. Ningeyapanga dirishani.

Mchana kaja Valborg, bila hodi, bila kujisifu. Watoto wa nguruwe wa mwanawe wanaharisha. Njano! Nilimhurumia karibu dakika nzima. Anataka nikanuse. Nikamwambia, shoga yangu, wewe si unayo pua inayojua mpaka majibini ya Ufaransa? Kisha nikamwambia lile jibini ni nini. Alipiga yowe, kuku wakaruka uani, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Nitakwenda kesho. Kwa buti. Nikinusa, nitawaambia wamwite daktari, mimi sasa ni mtu wa maabara.

Kaniachia kikapu cha bitiruti kama malipo. Kubwa, nyekundu, tamu.

Naandika hili nikiwa nazitazama. Kasisi bado mwembamba. Bitiruti huongeza damu, kila mtu anajua. Nimeisoma tena karatasi ya Troels, mara tatu, kwa miwani. Inasema beri. Inasema jikoni. Bitiruti haikutajwa popote, na mimi nitazikwangua kwenye kibanda cha baiskeli.

Tena rangi yake inapendeza, nyekundu kabisa kama damu. Daktari anakuja Jumatatu. Atafurahi.